Upande wa Chini wa Mawe

Kasese, Nyamwamba
3 Novemba 2024

Shangazi Naswiba,

Assalamu alaikum. Barua hii inakuletea salamu, lakini inatanguliza kuomba radhi, kwa kuwa najua ulivyokasirika uliponikatia simu wiki iliyopita. Ulisema hutaki tena kuzungumza nami kwa simu kwa sababu namkatiza kila mtu maneno, na kwamba nikitaka kubishana niandike, maana katika karatasi kila mtu humaliza sentensi yake. Nimeikubali hukumu hiyo. Wahabu amekubali kubeba barua zetu katika gari lake, na ameniambia kwa kicheko kwamba tangu aanze kwenda Bwera na kurudi amebeba mbuzi, mahari na maiti, lakini hajawahi kubeba ugomvi ndani ya bahasha.

Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga ni kidogo, na mwenye nyumba, mzee Yeseri, anaanika kahawa yake ya Kyarumba mlangoni pangu, hata kila asubuhi naruka kama mtu anayevuka kijito. Ile ofisi ya ujenzi niliyokueleza imenichukua kwa miezi sita ya majaribio. Kilichowashawishi ni picha mbili za Kisaka, mwalo wetu wa mitumbwi ziwani: moja ya kabla ya ukuta wa mawe, mawimbi yakigonga ngazi za msikiti, na nyingine ya sasa, ufuo mpana ambapo mitumbwi kumi na minne inalala bila kusukumana. Mkuu wa ofisi aliniuliza mhandisi ni nani. Nilimjibu kwamba hakuna mhandisi. Kuna wananchi waliobeba mawe Jumamosi kumi na moja, na kuna mchoro wangu.

Sasa nije kwenye ubishi wetu. Uliniambia kwamba ziwa "linakula chini", yaani upande wa makaburi, tangu tulipojenga ukuta. Ngoja nikueleze kama nilivyofundishwa. Ufuo haukai mahali pamoja. Upepo wa Kisaka hutoka upande wa msikiti, kwa hiyo mawimbi huja kwa mshazari. Yanapopanda hubeba mchanga kwa mshazari. Yanaporudi huuteremsha moja kwa moja. Hivyo kila chembe hupiga hatua ndogo kuelekea chini, siku zote, mwaka hata mwaka. Panaponyang'anywa hapo pana mmomonyoko, na mawimbi huchonga gema na ghuba. Panapopewa, mashapo hutua, yaani mchanga na tope lililobebwa na maji, na ufuo mpya huzaliwa. Ukuta wetu unaingia ziwani hatua arobaini. Umeukamata mchanga usipite, na ndiyo maana ufuo wa msikiti umenenepa. Hiyo ni elimu, Shangazi, haihitaji bahati. Kinachotokea huko chini ni mvua tu. Maji ya ziwa yamepanda mwaka huu, na yatashuka.

Najua maneno yale umeyapata kwa mzee Kiiza, yule mvuvi. Ndiye aliyesimama katika mkutano akasema, "Mchanga iko natembea. Ukifunga njia yake hapa, kule chini itabaki nini?" Nilimjibu mbele ya watu wote kwamba sijawahi kuona miguu ya mchanga, nao wakacheka. Sikijutii kicheko kile. Mtu anayepinga vitabu kwa kutazama maji tu hana budi kujibiwa.

Msalimie Shamira, umwambie apunguze kubeba ndoo katika hali yake.

Mwanao,
Latif

Bwera
19 Novemba 2024

Mwanangu Latif,

Wa alaikum salaam. Barua yako imefika ikiwa safi, Wahabu aliiweka ndani ya kofia yake. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Shamira asikie, akasema, "Mama, huyu anaandika kama redio." Mwandiko wangu usikuchekeshe. Nilio nao ni ule alionifundisha marehemu mume wangu katika lori lake, kati ya hapa na Kigoma, na lori lilikuwa linatikisika.

Sote tu wazima. Shamira miguu imevimba lakini anakula. Soko la Bwera limejaa watu wa ng'ambo ya mpaka, na samaki wa moshi wanakwisha kabla ya adhuhuri. Kila Jumanne nashuka Kisaka kununua, na kila nikishuka napita kwanza makaburini kumzuru mama yako. Unajua mimi na Hidayah hatukuwa mawifi wa kununiana. Tangu kaka yangu alipokwenda Kongo asirudi, tulikula chungu kimoja, mimi na yeye na wewe katikati.

Mwaka jana, kutoka majini mpaka kichwani pake, zilikuwa hatua thelathini na zaidi. Jumanne hii nilihesabu kumi na moja, na hatua zangu ni fupi.

Nina swali moja, na nalimaliza bila kukatizwa. Umeniandikia kwamba kila chembe hupiga hatua kuelekea chini, na kwamba ukuta umeikamata isipite. Sasa upande wa chini unapata wapi mchanga wake? Na kama kila chembe hupiga hatua, Kiiza alikosea wapi aliposema mchanga unatembea? Huyo Kiiza unayemcheka amechomeka matete mbele ya makaburi yetu ili kuvunja nguvu ya mawimbi, naye ni Mkristo, hana mtu wake pale.

Imamu Nasif anataka kukuona. Nami nataka. Njoo Ijumaa yoyote, uswali huko, ulale kwangu. Si jambo la kuandika.

Shangazi yako,
Naswiba

Kasese
2 Januari 2025

Shangazi,

Salamu zangu zikufikie pamoja na aibu ya kuchelewa wiki sita. Mwezi wa Desemba ofisi yetu haikulala. Mji ulijaa watu wanaorudi vijijini, hata bodaboda zilikosa pa kupita karibu na kituo cha magari, na mzee Yeseri ameuza kahawa yake, kwa hiyo sasa natoka mlangoni kama binadamu. Nilipata homa siku nne. Nimepona.

Nimelifikiria swali lako. Nakujibu kwa heshima, lakini nakujibu. Kwanza, hatua za mtu si kipimo. Mtu mwenye huzuni hupiga hatua ndefu akienda na fupi akirudi. Naomba uchomeke vijiti, kimoja kila baada ya mita mbili, uandike tarehe, na unitumie hesabu ya kila Jumanne kwa muda wa miezi mitatu. Pili, kuna tofauti kati ya kulisema jambo na kulithibitisha. Kiiza alisema, mimi nilithibitisha. Tatu, maji hubomoa hata pasipo na ukuta. Utazame mto Nyamwamba hapa kwetu: unakula ukingo mmoja na kumwaga mawe ukingo wa pili, na hakuna mtu aliyeuchorea mchoro. Utasema mchoro wangu umefanya nini kule ambako mto haukuhitaji ruhusa ya mtu?

Kuhusu Imamu Nasif, naona ajabu. Mtu mzima haitwi kama mwanafunzi. Huelezwa sababu, akaipima. Andika sababu hiyo nami nitaipima. Mwezi huu siwezi kushuka. Ofisi inataka kujenga kuta kama yetu katika mialo mingine mitatu, na Kisaka ndio ushahidi. Nikionekana huko chini ninahesabu hatua mbele ya makaburi, watauliza ninatafuta nini.

Nisomee dua.

Latif

Bwera
20 Januari 2025

Latif, mwanangu,

Salamu, na baada ya salamu, furaha. Shamira amejifungua Jumatano asubuhi, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, na sauti ya kuuza samaki. Tumempa jina la Hidayah. Nilitaka ulisikie jina hilo likiitwa kwa sauti ndani ya nyumba hii, ambamo halijaitwa kwa miaka kumi na saba.

Vijiti nilichomeka vitano kama ulivyoagiza. Viwili vimekwenda na maji. Hesabu yako ni hiyo.

Umetaka sababu kwa maandishi. Siwezi. Kwetu jambo linalomhusu mzazi wa mtu huambiwa ameketi, na pana mkono begani mwake. Hatulipandishi gari la Wahabu. Mama yako alipofariki ulikuwa na umri wa miaka tisa, shuleni Kyarumba. Mwalimu mkuu alisema atakusomea barua. Nilikataa. Nilipanda kile kilima kwa miguu, maana siku ile hapakuwa na gari, tukakaa mimi na wewe juu ya jiwe nyuma ya jiko la shule, na sikufungua mdomo mpaka nilipokushika. Usiniombe leo nifanye nilichokataa siku ile.

Kasese si ng'ambo ya bahari. Wahabu akitoka huko saa mbili, chai yangu ya saa nne anainywa hapa. Njoo umpakate mtoto, na lile jingine utalisikia.

Zimebaki hatua saba.

Naswiba

Kasese
9 Machi 2025

Shangazi Naswiba,

Ramadhani karimu kwako, kwa Shamira na kwa Hidayah mdogo, ambaye namtumia shuka la manjano. Wahabu ameniahidi kwamba halitanuka petroli. Nafunga vizuri. Tunafuturu na vijana wa msikiti wa karibu, na kuna mmoja, Hakim, fundi wa redio, ambaye hubishana hata kuhusu tende. Ungempenda, ungemkatia simu.

Nimechelewa tena, na safari hii sina homa ya kusingizia. Barua yako niliiweka chini ya kitabu, kisha nikakifungua kile kitabu, kisha nikakifunga.

Wageni wa ofisi watakuja Kisaka tarehe 10 Aprili kuutazama ukuta. Nitashuka nao, na siku hiyo nitamzuru Mama, nitamwona Imamu, nitalala kwako. Siwezi kuja kabla. Naomba usinidai zaidi ya hapo, kwa kuwa majaribio yangu yanakwisha mwezi huohuo, na mtu aliyeajiriwa kwa sababu ya ukuta hawezi kuonekana akiutilia shaka. Hadi wakati huo, waambie vijana wajaze magunia mchanga wa upande wa msikiti, uko mwingi, wayapange mistari miwili mbele ya makaburi, mstari wa chini magunia mawili mawili. Yatatosha kwa wiki hizo chache.

Kama Imamu anahitaji idhini yangu kwa jambo lolote, aliandike. Nitatia sahihi, na Wahabu atakurudishia karatasi siku hiyohiyo. Ziko familia ambazo huendesha mambo makubwa zaidi kwa njia hiyo.

Niwie radhi kwa sentensi hiyo ya mwisho. Nimeiandika kwa wino, siwezi kuifuta, na karatasi nyingine sina.

Latif

Bwera
5 Aprili 2025

Latif,

Salamu. Idi ilipita salama. Mtoto anacheka sasa.

Uliomba maandishi. Haya.

Maji yalipofika hatua saba, Imamu Nasif alisema yaliyo katika dini: kaburi likitishwa na maji, inafaa maiti ahamishwe, azikwe penye usalama. Familia nne zilihamisha watu wao mwezi wa pili. Kwa mama yako alisema mwanawe awepo, ashike yeye, kwa kuwa ni wake. Hilo ndilo nililokuwa nakuitia. Shimo jipya lilikwisha kuchimbwa, huku juu Bwera, nyuma ya nyumba yangu, chini ya mparachichi, tangu Januari. Mvua ililijaza mara mbili, na mara mbili tulilikausha.

Ulipoandika kwamba utakuja tarehe 10, Imamu aliniambia tusingoje, tuendelee bila wewe. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mtoto ameahidi. Nilitaka umbebe mwenyewe. Hilo ni langu, na sikupi wewe ulibebe.

Alhamisi, baada ya alasiri, upepo ulitoka upande wa msikiti kama unavyotoka siku zote, ila ulikuwa mkali. Magunia yako yalikwenda kwanza. Walinipigia simu, nikashuka na bodaboda. Nilipofika nilimkuta Kiiza amejifunga kamba kiunoni, vijana wamemshika, yumo majini mpaka kifuani, amesimamisha mlango wa nyumba yake mwenyewe mbele ya kaburi ili kuzuia mawimbi wakati wengine wanachimba. Alisimama hivyo mpaka magharibi. Ukingo uliporomoka wote kwa mara moja. Mama yako hawakumpata. Hatukupata kitu, Latif, hata ubao.

Kiiza yuko kitandani na kikohozi. Hajasema neno juu yako, nami nilimsikiliza sana nione kama atasema.

Sikutaka ulisome jambo la mama yako kwenye karatasi. Sasa umelisoma.

Naswiba

Kisaka
29 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Sina salamu inayofaa, kwa hiyo nakuletea ile ya kawaida: amani iwe juu yako, na juu ya Shamira na mtoto. Habari zangu ni kwamba niko Kisaka tangu tarehe 8. Nimepita Bwera katika gari la Wahabu, nikaiona nyumba yako, nikaona na mparachichi, sikumwambia asimame. Nalala katika chumba cha nyavu kilichoko nyuma ya msikiti. Huenda umeambiwa. Kama umeambiwa, umenyamaza, na nakushukuru kwa kunyamaza huko.

Barua ya kujiuzulu niliipeleka ofisini kabla ya kupanda gari. Wageni hawakuja. Niliwaeleza kwa kalamu kwamba zile picha zilipigwa kutoka upande mmoja.

Sasa nitaandika jambo ambalo nimekataa kuliandika tangu Novemba, na kulikataa ndani ya nafsi yangu tangu kabla ya hapo. Mchoro wangu, ule nilioubandika ukutani siku ya mkutano, niliutoa katika kitabu cha chuo. Ukurasa ule una michoro miwili, mmoja juu, mwingine chini. Wa juu unaonyesha ukuta na mchanga uliojikusanya upande mmoja. Wa chini unaonyesha ukuta uleule baada ya muda, na upande wa pili ufuo umemegwa kama mkate, kwa kuwa mchanga uliokuwa ukiulisha umezuiwa. Nilinakili mchoro wa juu tu. Sikukusudia udanganyifu, nilikusudia kuuchora wa pili pia, na kueleza kwamba ukuta uwe mfupi, au tuupe upande wa chini mchanga kila mwaka kwa mikokoteni. Yote hayo yamo kitabuni. Lakini kabla sijafika hapo, mzee Kiiza alisimama akasema lile neno lake, na akalisema barabara, kwa maneno kumi au kumi na moja, jambo nililolipia miaka mitatu ya chuo. Nilitakiwa kusema, "Mzee, ni kweli, na mchoro wa pili ni huu." Sikuweza. Watu walikuwa wananitazama. Nilimjibu kwa mzaha, wakacheka, na baada ya kicheko kile sikuona tena njia ya kurudi kwenye mchoro wa chini bila kuonekana nimefundishwa na mvuvi. Ndipo mawe yakabebwa.

Nilijua, Shangazi. Wakati nakuandikia kuhusu mvua na kuhusu vijiti, nilijua. Ulipouliza upande wa chini unapata wapi mchanga wake, jibu lilikuwa chini ya kiwiko changu.

Jumapili iliyopita niliomba kusema mbele ya mwalo. Walikusanyika penye mizani ya samaki. Niliyasema haya yote, nikaubandika mchoro wa pili, nikamwomba radhi mzee Kiiza kwa jina, kisha nikaomba ukuta ufupishwe kabla ya makaburi kumi na tisa yaliyobaki kufuata. Halafu mama Phionah, yule mwenye tanuri la kukaushia samaki upande wa juu, akasema, "Ulisema tubebe, tulibeba. Leo unasema tutoe. Kesho utasema nini, Profesa?" Mwingine akauliza nataka mitumbwi yao ikalale wapi, kitandani kwangu? Walicheka, na safari hii nilikijua kicheko kile kilivyo upande wa pili. Sikuwa na jibu. Ni mara ya kwanza nakuandikia sentensi hiyo. Imamu Nasif alisema atafakari. Mkutano ukavunjika bila uamuzi.

Mzee Kiiza alikuwa ameketi juu ya kreti na blanketi mabegani. Nilimfuata kwake, nikamwuliza kwa nini hakunishindilia alipopata nafasi. Alisema, "Mimi nilikuwa naona mchanga tu. Wewe ulisoma. Watu walikuamini kwa sababu ulisoma, si kosa yao." Kisha akaniambia nimsukumie mtumbwi.

Tulikwenda kwa makasia, mimi nikipiga na yeye akielekeza, tukapita makaburi, tukapita matete, mpaka pale ufuo unapopinda. Huko, Shangazi, kuna nchi mpya. Ulimi wa mchanga umetoka kwenye kona ya ufuo na kuingia ziwani, mrefu, mweupe, umejikunja kidogo mwishoni, na ndege wamekwisha kuuzoea. "Hii mwaka jana haikuwa," akasema. Mimi nilijua ni nini kabla hajasema. Mchanga uliotolewa kule umetua huku. Maji yakichoka kubeba huweka. Niliteremka, nikatembea juu yake mpaka nchani, peke yangu, nikasoma nilichoweza kusoma.

Nimekuwa nikilifikiri jambo hili siku mbili, na nalileta kwako kwa kuwa sina mwingine wa kumletea. Hakuna chembe iliyopotea. Udongo uliomfunika Mama haukuzama kilindini. Umehama, umejenga mahali pengine, na mahali hapo panaonekana kwa macho. Kama ungekubali, ningekupeleka. Tungesoma Fatiha pale pamoja, na wewe ungekuwa na mahali pa kupita kila Jumanne. Nadhani pangetufariji.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Latif

Bwera
4 Mei 2025

Latif,

Wa alaikum salaam. Tunaendelea vizuri. Shuka la manjano mtoto amelikataa, analia likimgusa, nimelitandika mimi. Wahabu aliniambia tangu siku ile ile kwamba umepita. Nilikaa mlangoni nikaliona gari, nikaona na kichwa chako kimeinama. Nikakuacha.

Barua yako nimeisoma peke yangu, sikumsomea Shamira. Kuhusu mchoro wa chini sina la kuongeza juu ya uliyoyasema mwenyewe. Nilikulea ujue kusema. Kunyamaza mwenzako akisema kweli sikukufundisha, nilidhani kutakuja kwenyewe. Wewe ni mwanangu. Hilo halina mkutano.

Kuhusu huo ulimi wa mchanga, sitakwenda. Najua umeniandalia faraja hiyo kwa moyo mzuri, na huenda ni kweli kama vitabu vinavyosema. Lakini upepo ulioutoa mchanga kule ndio utakaoutoa huku, nami ni mtu mzima, siwezi kumfuata Hidayah kando ya ziwa kila mwaka mahali papya. Tena, mwanangu, mimi sikuuzika mchanga. Nilimzika wifi yangu.

Shimo la chini ya mparachichi nilitaka kulifukia, Shamira akanikataza. Liko wazi bado. Kuku wanaingia.

Imamu Nasif alikuja jana akakaa sana. Amesema msikiti wake umekuwa ukilindwa kwa gharama ya makaburi ya watu, na yeye hawezi kusalisha hapo tena akijua. Ataanza na upande wa ziwani, hatua ishirini za mwisho za ukuta, hata kama atakuwa peke yake na Kiiza. Upande wa juu hawajakubali. Wawili watatu watakuja, wengine watakaa watazame. Mawe yatatolewa Jumamosi, saa moja asubuhi, na yapo mengi ambayo mtu mmoja hawezi.

Kiiza hakuniomba nikuambie, maana amesema mwenye mawe yake anajua yalipo. Nimekuambia mimi.

Shangazi yako,
Naswiba